Miguu ya Thiago Silva na mabao 63 ya Chelsea

Jumapili ya Februari 4, 2024, saa 11 jioni, kibanda umiza tunachoangalizia mpira Tandika kilijaa mpaka wengine wakakalia ndoo. Chelsea walikuwa nyumbani na Wolves. Matheus Cunha alipofunga bao lake la tatu kwa penalti na matokeo kuwa 4-1, kijana mmoja wa bodaboda alisimama katikati ya picha.

"Babu kachoka! Miaka 39, atamkimbiza nani?"

Fundi viatu mmoja, mtu mzima aliyekaa benchi la mbele, hakugeuka hata kidogo. "Mwanangu, mtoe huyo, halafu niambie wanaobaki ni akina nani."

Dakika chache baadaye babu mwenyewe, Thiago Silva, akaruka na kufunga kwa kichwa. 4-2. Hakuna aliyeshangilia.

Ubishi ule nimekaa nao muda mrefu, maana naupenda mpira wa mabeki kuliko wa washambuliaji, na naona tunawaonea sana mabeki wenye umri. Timu ikifungwa tunamtafuta mwenye miaka mingi kwanza. Hatuulizi mpira umemfikiaje.

Silva alitua Chelsea Agosti 2020 akitokea PSG, bila ada ya uhamisho, akiwa na miaka 35. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa ugenini kwa West Brom, siku nne baada ya kutimiza 36. Alivaa kitambaa cha unahodha. Mpira wa kawaida kabisa ukampita chini ya mguu, Callum Robinson akauwahi na kufunga. West Brom waliongoza 3-0 kabla ya mapumziko, na Chelsea wakaponea kwenye sare ya 3-3. Siku hiyo wengi walishamzika.

Januari 2021 akaja kocha Thomas Tuchel na mabeki watatu wa kati. Ukitaka kuelewa habari yote ya Silva, anzia hapo. Kulia alikuwepo César Azpilicueta, kushoto Antonio Rüdiger, na mbele yao viungo waliojua kukaba. Winga akitoroka, anayemfuata pembeni ni Rüdiger. Silva kazi yake ikawa katikati, na katikati hapahitaji mbio za mita 40. Panahitaji macho. Mwangalie kabla krosi haijapigwa: anageuza shingo kushoto, kulia, mkono unamwonyesha mwenzake pa kusimama, kisha anasogea hatua mbili tu. Mpira ukija unamkuta yupo. Mtazamaji anaona bahati.

Wanaomtilia shaka nao wana hoja, na ya maana. Mwili wake ulimwangusha mara kadhaa. Februari 2021 aliumia dhidi ya Tottenham, na aliporudi Aprili, dhidi ya West Brom walewale, alipewa kadi nyekundu kabla ya nusu saa na Chelsea wakalala 5-2. Hata fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Porto, Mei 29, hakuimaliza. Alitolewa dakika ya 39 akiwa ameumia, akaingia Andreas Christensen. Chelsea wakaifunga Manchester City 1-0. Na ni kweli pia kwamba beki asiye na kasi hurudi nyuma mapema kuogopa kupitwa, na nafasi kati yake na viungo inakuwa uwanja wa adui.

Ila msimu wa 2023/24, chini ya Mauricio Pochettino, nafasi hiyo haikuachwa na Silva peke yake. Mabeki wa pembeni walipanda, mpira ukapotea katikati, na mabeki wawili wakabaki na nusu ya uwanja ya kulinda. Chelsea waliruhusu mabao 63 kwenye ligi. Kama kisa kilikuwa miguu ya mtu mmoja, kumweka benchi kungeponya. Aprili 23 hakuanza dhidi ya Arsenal. Walifungwa 5-0. Yule kijana alikuwepo kibandani, amekaa kimya, kofia ya pikipiki mapajani.

Kinachoniuma zaidi ni kusikia Silva akiitwa mtu asiye na pumzi. Mwaka 2005, akiwa Dynamo Moscow, aligundulika na kifua kikuu, akalazwa miezi. Aliyelala kitandani Urusi akipigania mapafu yake ndiye aliyechezea Chelsea mechi 155.

Aliondoka 2024 na kurudi Fluminense, klabu iliyompokea baada ya ugonjwa ule. Aliikuta mkiani mwa ligi ya Brazil; haikushuka daraja. Kisha Juni 30, 2025, kwenye Kombe la Dunia la Klabu huko Charlotte, Marekani, wakapangwa na Inter Milan. Kocha Renato Gaúcho akaweka mabeki watatu, Silva katikati, umri miaka 40. Ilikuwa saa 4 usiku kwetu. Shingo kushoto, shingo kulia, mkono ukielekeza. Fluminense 2, Inter 0.

Simu yangu ikaita kabla filimbi haijakauka. Ni yule fundi viatu. Nyuma ya sauti yake nilimsikia kijana wa bodaboda akipiga kelele, "Muulize kama amemwona babu!"