Familia zilizoanza upya Ifunda: Somo kwa mzazi anayepokea waliopoteza kila kitu

Na Mwandishi Wetu

Iringa/Mbeya. Ukisafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya, kabla hujafika Mafinga utapita Ifunda. Watu wengi wanaijua kwa shule yake ya ufundi, iliyoanza mwaka 1951. Wasichokijua wengi ni kwamba miaka michache kabla ya hapo, Ifunda ilikuwa makazi ya mamia ya wanawake na watoto wa Kizungu waliofika wakiwa maskini, wagonjwa na wasio na nchi ya kurudi.

Walikuwa Wapolandi, wengi wao Wakristo wa Kanisa Katoliki. Kambi nyingine ilikuwa Kidugala, upande wa Njombe, katika kituo cha misheni cha Walutheri wa Berlin. Wakati huo Iringa, Njombe na Mbeya zote zilikuwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, chini ya utawala wa Waingereza.

Kwa nini habari hii ije kwenye ukurasa wa familia? Kwa sababu nyumba nyingi za kwetu hupokea watu waliopoteza kila kitu. Leo ni shangazi na wanawe walioachwa bila nyumba na mafuriko Kyela, kesho ni ndugu wa Hanang walionusurika maporomoko ya Desemba 2023, keshokutwa ni mjane aliyefukuzwa kwa wakwe. Tunawapa godoro na sahani ya ugali, kisha tunashangaa mbona mtoto hatulii na mama yake amekaa kimya. Yaliyotokea Ifunda yanatuonyesha kilichobaki.

Walitoka wapi?

Septemba 17, 1939, majeshi ya Umoja wa Kisovieti yaliingia mashariki mwa Poland, wiki mbili na siku chache baada ya Wajerumani kuivamia nchi hiyo kutoka magharibi. Usiku wa Februari 10, 1940, familia zilianza kutolewa majumbani mwao na kupakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Zilipelekwa Siberia, Kazakhstan na kaskazini mwa Urusi. Huko wakubwa walifanya kazi za kukata miti na za mashambani, chakula kikiwa haba na baridi kali.

Mwaka 1941 Wajerumani walipoishambulia Urusi, mambo yaligeuka. Julai 30 serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ilitia saini mkataba na Wasovieti, na Wapolandi wakaachiwa. Jenerali Władysław Anders akaanza kukusanya jeshi, na familia zikalifuata jeshi hilo kuelekea kusini. Mwaka 1942, kwa awamu mbili, zaidi ya watu 110,000 walivuka kwenda Uajemi, ambayo leo ni Iran. Wengi walivuka kwa meli katika Bahari ya Kaspi na kushukia bandari ya Pahlevi.

Wanaume wenye nguvu walibaki jeshini, na baadaye wengi wao walipigana Monte Cassino, Italia, Mei 1944. Wanawake, watoto na wazee walitafutiwa pa kukaa mbali na vita. Baadhi walipelekwa India, Mexico na New Zealand. Takriban 18,000 waliletwa Afrika Mashariki na Kati, wakishuka katika bandari kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa kambi kubwa kuliko zote, ikiwa na watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Kondoa, Morogoro, Ifunda na Kidugala, na ng'ambo ya mpaka wa Tunduma ilikuwapo Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia.

Chakula kilichoua

Kwa macho ya afya, hatua ya kwanza ya safari yao ya kupona ilikuwa ya hatari. Walipofika Pahlevi wengi walikuwa na chawa, na chawa ndio wanaoeneza homa ya taifasi. Nguo zao zilichomwa moto, wakanyolewa nywele, wakaogeshwa na kupewa nguo safi. Lakini watu waliokaa na njaa kwa miezi mingi walipopewa supu nzito yenye mafuta ya kondoo, baadhi waliharisha na kufa. Zaidi ya Wapolandi 2,000 walizikwa katika ardhi ya Iran.

Leo madaktari wanaelewa vizuri zaidi kinachotokea. Mwili uliokonda kwa njaa ya muda mrefu ukijazwa chakula kingi ghafla, kiwango cha baadhi ya madini kwenye damu huporomoka na moyo unaweza kushindwa kufanya kazi. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali akilazwa hospitalini haanzi na sahani ya wali na nyama. Huanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, kidogo kidogo na mara kwa mara, usiku na mchana. Mwili ukishazoea ndipo huongezewa maziwa mazito zaidi au chakula cha lishe kilicho tayari kuliwa.

Kwa mzazi, somo ni hili: ukimpokea mtoto aliyekonda sana, amevimba miguu au hataki kula kabisa, usimshindilie chakula ukidhani unamsaidia. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Hali ya hewa ya nyanda zetu iliwafaa. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai haikuwa ngeni kwa mtu aliyezaliwa Ulaya. Malaria ilikuwa tishio jipya kwa Wapolandi wote waliokuja Afrika, lakini ukanda huu una mbu wachache kuliko pwani. Hadi leo Iringa na Njombe zimo katika mikoa yenye malaria kidogo zaidi Tanzania Bara.

Mama apate kuwa mama tena

Mtu aliyefukuzwa kwake hupoteza nyumba, na pamoja na nyumba hupoteza nafasi yake. Mama aliyekuwa akiamua watoto wale nini na walale saa ngapi anajikuta amepanga foleni na bakuli mkononi, sawa na mwanawe. Mtoto anaona hilo na anajua mama hana tena la kusema.

Katika makambi ya Afrika Mashariki nafasi hiyo ilirudi polepole. Familia zilipewa nyumba zao, hata kama ni ndogo na za kawaida sana. Wanawake walilima bustani za mboga na maua mbele ya milango. Walifanya kazi katika vyumba vya kushona, kufuma na kudarizi, wengine katika hospitali na shule za kambi. Palikuwa na walimu, wauguzi na mapadri wa kwao wenyewe, hivyo huduma nyingi zilitolewa na wakimbizi kwa wakimbizi wenzao.

Shule zilifunguliwa mapema. Vitabu vilikuwa vichache, na walimu walifundisha mengi kutoka kichwani. Watoto waliokuwa wamekaa miaka miwili bila darasa walirudi kujifunza kusoma Kipolandi, hesabu na historia ya kwao. Jioni na mwisho wa juma palikuwa na skauti, kwaya na michezo.

Jumapili ilikuwa Jumapili. Kwa familia hizo, misa, kipaimara, Krismasi na Pasaka viliipa wiki na mwaka umbo lake tena. Mtoto alijua leo ni siku gani na kesho kutakuwa na nini. Na Kidugala kuna jambo la kupendeza: wakimbizi ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki walihifadhiwa katika kituo kilichojengwa na Walutheri. Wakati wa shida hakuna aliyeuliza nani ni wa dhehebu gani kabla ya kumpa kivuli. Mahali hapo leo pana seminari ya Kilutheri.

Haya yote yanapatana na kilichokuwa kikionekana London miaka hiyohiyo. Anna Freud na Dorothy Burlingham walilea watoto wa vita katika vituo vyao vya Hampstead, na mwaka 1943 walichapisha waliyoyaona. Watoto wadogo waliokuwa karibu na mama zao, hata mabomu yakilia, mara nyingi walistahimili kuliko wale waliotenganishwa nao na kupelekwa mahali salama. Kwa mtoto mdogo, usalama una sura ya mtu anayemjua.

Yatima wa Tengeru

Wapo waliofika bila mtu. Tengeru palikuwa na kituo cha watoto yatima, na mwaka 1949, kambi zilipokuwa zikifungwa, zaidi ya 120 kati yao walisafirishwa kupitia Ulaya hadi Kanada, kwa msaada wa Kanisa Katoliki na wa Joseph Charbonneau, askofu mkuu wa Montreal. Serikali ya kikomunisti ya Warsaw ilipinga vikali, ikidai watoto wake wametekwa. Watu wazima walibishana juu ya bendera, na watoto wakaanza maisha mengine katika nchi ya tatu au ya nne.

Kwa familia zilizobaki na wazazi, njia haikuwa rahisi pia. Mkutano wa Yalta wa Februari 1945 uliiacha mashariki ya Poland mikononi mwa Wasovieti, hivyo vijiji vyao havikuwa tena katika nchi yao. Wachache walirudi. Wengi walisubiri, chini ya uangalizi wa Shirika la Kimataifa la Wakimbizi lililoanza kazi mwaka 1947. Mwaka huohuo Uingereza ilipitisha sheria ya kuwapokea askari wa Kipolandi na familia zao, na wake na watoto wakaanza kuondoka Tanganyika kwenda kuungana na baba ambao baadhi hawakuwaona kwa miaka mitano au zaidi. Wengine walikwenda Australia na Kanada. Ifunda, Kidugala na Tengeru yamebaki makaburi ya wale ambao safari yao iliishia hapa.

Na wenyeji je?

Habari hii haitakuwa kamili tukisema misaada yote ilitoka London. Kambi zilisimama kwenye ardhi ya Wahehe na Wabena, na wenyeji ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi za mikono na kuuza vyakula vya mashambani. Hawakuulizwa kama wanataka wageni. Utawala wa kikoloni uliwaweka Wazungu na Waafrika mbalimbali, na ndani ya uzio palikuwa na shule na huduma za tiba ambazo vijiji vingi vya jirani havikuwa nazo. Mzazi wa Kihehe aliyebeba tofali za nyumba ya mtoto mgeni alikuwa na haki ya kujiuliza wa kwake atasoma lini. Shule ya ufundi ilikuja Ifunda baada ya wageni kuondoka.

Tanzania huru ilipokea wengi zaidi, na ilipokea kwa namna yake. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipewa ardhi ya kulima Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walijilisha na kulipa kodi, na mwaka 2014 takriban 162,000 kati yao walipewa uraia. Huko pia jembe lilifanya kazi ambayo mgao wa chakula hauwezi kuifanya: lilimrudisha baba na mama kwenye nafasi ya kulisha watoto wao.

Ufanye nini ukipokea familia nyumbani

Iwe unaishi Kihesa, Mafinga, Uyole au Soweto ya Mbeya, mambo haya yanawezekana hata kwa kipato kidogo.

Usichukue nafasi ya mzazi. Mkabidhi mama mgeni jiko siku fulani za wiki, au mpe hela ya sokoni aamue mwenyewe. Ukitaka kumkanya mwanawe, mwambie yeye kwanza.

Watoto warudi shule haraka. Usingoje mambo "yatulie". Nenda na mzazi wao kwa mwalimu mkuu, eleza hali, hata kama karatasi zimepotea. Kwa walio chini ya miaka mitano, wapeleke kliniki wakapewe kadi mpya na kukamilisha chanjo.

Weka ratiba. Chakula, kuoga, sala na kulala kwa saa zilezile humtuliza mtoto kuliko zawadi.

Usilazimishe simulizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unataja hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia anachohitaji, msikilize akitaka kusema, muunganishe na ndugu na huduma. Kumwambia asimulie upya mbele ya kila mgeni ni kumtonesha kidonda.

Elewa tabia za mtoto. Mtoto mkubwa kurudia kukojoa kitandani, kung'ang'ania mama au kushtuka usiku ni kawaida katika wiki za mwanzo, na fimbo huzidisha. Ikipita mwezi bila nafuu, au akiacha kula, akiacha kuongea au akitaja kufa, mpeleke hospitali au kwa afisa ustawi wa jamii. Namba ya simu ya msaada kwa mtoto, 116, hupigwa bure.

Washirikishe wengine. Jumuiya ndogo ndogo, kwaya, kikundi cha kinamama cha Moravian au cha KKKT, na majirani Waislamu pia, wote wana kitu. Mmoja alete sare ya shule, mwingine kibarua, mwingine sehemu ya shamba la kulima msimu huu. Mzigo mzito mpe mwenzio, na mgeni mwenyewe apewe upande wake wa kubeba.