Kusoma Muziki Sekondari: Je, ni Mchezo?

Mtaa wa Mutanga Sud, ulio jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, ni mtaa unaoheshimu masomo. Mtoto asemaye anataka kuwa daktari au mwanasheria hupongezwa na wazazi, wajomba na majirani. Asemapo anataka kusoma muziki, huulizwa swali moja tu: "Utakula nini?"

Swali hilo ni halali, hasa katika nyumba ya askari ambamo mshahara mmoja hulipa ada za watoto wengi. Lakini wengi waliulizao hawajapata kulitazama somo lenyewe. Hudhani ni kuimba na kupapasa gitaa mpaka kengele ilie.

Natutazame Kenya, ambako muziki umekuwa miongoni mwa masomo ya mtihani wa KCSE, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Karatasi zake ni tatu. Ya kwanza ni ya vitendo: mtahiniwa husimama mbele ya watahini, akaimba au kupiga chombo alichokichagua, kisha hukabidhiwa nota asizopata kuziona na kutakiwa azisome papo hapo. Ya pili ni ya kusikiliza. Mdundo hupigwa, naye auandike kama alivyousikia. Sauti mbili hulia, naye aeleze umbali ulio kati yake. Wimbo huhama kutoka sauti yake ya msingi, naye aseme umehamia wapi. Hapa hapana kubahatisha, wala hapana kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Sikio huzoezwa kwa miaka. Ya tatu ni ya maandishi: kutunga wimbo mfupi, kupanga sauti nne kwa kanuni zake, na kueleza historia ya muziki wa Ulaya na wa Afrika. Mwanafunzi hutakiwa kuwajua watunzi wa Ulaya, na kuijua pia nyatiti ya Waluo yenye nyuzi nane.

Sisi tuliovaa magwanda tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko raia. Mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi husoma nota zake huku miguu ikishika hatua na macho yakimwangalia kiongozi. Hata nyimbo tunazozisimamia wima zilipitia mikononi mwa watu waliojifunza. Muziki wa "Burundi Bwacu", wimbo wetu wa taifa tangu uhuru wa mwaka 1962, ulitungwa na Marc Barengayabo. Wimbo wa taifa wa Kenya ulitengenezwa na jopo la wanamuziki watano waliouchukua wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto, wakaupanga ulingane na gwaride.

Wapo wasemao kwamba ngoma zetu hazikuhitaji karatasi. Ni kweli. Wapigaji wa Gishora, karibu na Gitega, waliurithi ujuzi wao kwa baba zao: ngoma moja ya katikati huongoza, amashakwe hushika mdundo usiokatika, na ibishikizo huifuata ile inayoongoza. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika sanaa hiyo katika urithi wa binadamu. Mtoto aliyekulia kando ya ngoma hizo angeshinda karatasi ya kusikiliza kuliko wenzake wengi, na pengine angeanguka katika ile ya maandishi. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu ya kumwingiza darasani, naye mpigaji mzee aitwe shuleni kufundisha. Liko pia jambo la mabinti. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 iliwazuia wanawake kupiga ngoma hizo. Shule itakayozifundisha kama somo itabidi iamue binti atahiniwe kwa chombo gani. Inanga na ikembe zipo.

Turudi kwenye chakula. Mtahiniwa wa KCSE hufanya masomo yasiyopungua saba, na hisabati ni ya lazima kwa wote. Achaguaye muziki haiachi hisabati nyuma. Hupoteza nafasi ya somo jingine moja la kuchagua. Gharama kubwa iko kwa shule, kwani mwalimu wa muziki ni adimu na vyombo ni ghali.

Na wako walioula muziki wakiwa ndani ya sare. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, Kimulimuli Jazz ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Polisi Jazz. Wapigaji wa bendi hizo walikuwa watumishi wenye mshahara, tofauti na mpiga gitaa wa baa aliyengoja ujira wa mlangoni. Atakaye kuendelea baada ya sekondari anacho Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuitwa TaSUBa tangu 2007.

Basi mzazi wa Mutanga Sud, kabla hajamkatalia mwanawe, aende shuleni akaulize mambo matatu: kama yupo mwalimu asomaye nota, kama viko vyombo ambavyo mwanafunzi huruhusiwa kuvishika, na kama mwishoni upo mtihani wa kupima kilichofundishwa. Majibu yakiwa hapana, ada yake aipeleke kwingine. Yakiwa ndiyo, amwache mtoto ajaribu muhula mmoja, kisha amwombe amsomee wimbo asioujua.