Ua la neti lisinunuliwe sokoni

Ipo biashara inayoshamiri nyakati hizi karibu na shule zetu, nayo ni ya kuuza kazi za wanafunzi zilizokwisha tengenezwa. Mwalimu huagiza pambo la nyumbani siku ya Ijumaa. Jumatatu asubuhi mezani pake huwa pamejaa maua yaliyofanana kama sare za askari, yote yakiwa yametoka katika mkono wa fundi mmoja wa sokoni. Mzazi amelipa, fundi amepata riziki yake, mwalimu amepata cha kutia alama. Aliyetoka mikono mitupu ni mtoto.

Mimi ni mwalimu, nami siwalaumu wazazi peke yao. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, Sanaa na Ufundi pamoja na Sayansi Kimu yalikuwa masomo ya kutahiniwa, kisha yakaondolewa katika mtihani wa KCPE. Kizazi kizima kikakua kikiamini kwamba mkasi na sindano si elimu. Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, tuliwadai wazazi hao hao wasaidie kazi ambazo wao wenyewe hawakufunzwa. Wangefanya nini ila kufungua mkoba?

Hebu tuitazame neti, kile kitambaa chepesi cha shela ya bibi arusi. Hufungwa vitini na milangoni siku ya harusi, na kesho yake hutupwa jaani. Mwalimu akizungumza mapema na wapambaji, atapata mabaki ya kutosha darasa zima bila mzazi kutoa hata shilingi. Isitoshe, kitambaa hiki kina sifa adimu: nyuzi zake zimesokotwa zikashikana, matundu yake yakawa na pembe sita, na kwa hiyo ukingo uliokatwa haufumuki. Hakihitaji pindo wala cherehani.

Mwanafunzi akate utepe wenye upana wa sentimita 15, auzungushe kwenye kadibodi mara 40 hivi, auchomoe polepole na kuufunga kiunoni kwa uzi imara. Kisha akate vitanzi vya pande zote mbili na kuvichambua, apate tufe jepesi kama pamba. Matufe 10 yakitungwa katika uzi mmoja ni pambo la dirisha. Akitaka ua, apange miraba sita ya sentimita 10, aikunje mara mbili, aviringe ukingo wa nje kwa mkasi, halafu aikunjue na kuishona katikati. Ua la kwanza litakuwa kombo. Na liwe kombo!

Jambo moja lisipuuzwe. Neti nyingi ya siku hizi ni ya nailoni au poliesta, nayo huyeyuka na kushika moto upesi. Isitundikwe karibu na koroboi, mshumaa wala jiko, na pasi ya moto isiiguse.

Wapo wavulana wanaonung'unika kwamba hii ni kazi ya wasichana. Hao huwasimulia habari za John Heathcoat, Mwingereza aliyepata hataza ya mashine ya kufuma neti ya aina hii mwaka 1809. Mwaka 1816 watu wenye hasira walivamia kiwanda chake mjini Loughborough usiku na kuvunja mashine zaidi ya 50, naye akahamia Tiverton akaanza upya. Kitambaa chenyewe jina lake la kigeni latokana na mji wa Tulle, Ufaransa. Mwalimu wa historia ana somo hapo, na wa hisabati anayo ile pembesita.

Najua jibu la walimu wenzangu: muda hautoshi. Lakini muda huo huo tunaupoteza tukitia alama kazi ya fundi wa sokoni na kuiandika kwa jina la mtoto, jambo ambalo kwa maoni yangu ni udanganyifu sawa na ule wa chumba cha mtihani. Darasani kwangu kazi hufanywa dawatini, mbele ya macho yangu, katika vipindi viwili vilivyofuatana. Mkasi mmoja na sindano moja huzunguka baina ya wanafunzi wanne. Pambo linaloletwa kutoka nyumbani hulisifu nikipenda, ila silitii alama.