Bweni lililozaa lugha

Mpwa wangu alizaliwa kiziwi, Lamu. Hadi kufika miaka tisa, lugha yake ilikuwa ile tuliyoitunga nyumbani: kiganja kikipepea ni samaki, kidole puani ni bibi yake, kwa ajili ya kipini chake. Mtaa wa pili hakuna aliyeielewa. Ndipo akapata nafasi katika shule ya bweni ya viziwi, Murang'a, nami nikampeleka.

Nilipomrudia mwisho wa muhula nilimkuta akizungumza kwa mikono na watoto wa Nyeri na Kirinyaga, mbio mbio, mimi nimesimama kando kama mgeni. Nikadhani ni Kiswahili cha vidole. Sivyo. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake. Si Kiswahili, si Kiingereza, wala si Kikikuyu.

Lugha hizi huzaliwa pale viziwi wanapokutana wengi. Kwengine ni kisiwani. Martha's Vineyard, Marekani, watu waliooana wenyewe kwa wenyewe vizazi na vizazi, uziwi wa kurithi ukaenea. Katika kijiji cha Chilmark, karne ya 19, yapata mtu mmoja kati ya 25 alikuwa kiziwi. Basi wenye kusikia nao wakatumia ishara, hata wavuvi wakisemezana chombo kwa chombo. (Baharini upepo hula sauti, mvuvi yeyote wa kwetu ajua.) Watoto viziwi walipopelekwa shule za bara, na watu kuanza kuoa nje, lugha ile ikafifia. Kiziwi wa mwisho wa asili hiyo alifariki 1952.

Kwetu Kenya kazi ya kisiwa ilifanywa na bweni. Shule za viziwi zilianza mapema miaka ya 1960, Nyang'oma na Mumias. Darasani mtoto alitakiwa asome midomo na atoe sauti. Ishara zilikua nje ya darasa, mkubwa akimpa mdogo. Ndiyo maana za Mombasa na za Kisumu hazilingani zote, na Tanzania, waiitako lugha ya alama, wana yao.

Katiba ya 2010 imeifanya yetu kuwa lugha rasmi ya Bunge. Lakini likizo iliyopita mtoto aliamka usiku akiumwa. Zahanati nzima hapakuwa na ajuaye ishara, na mimi mjombake sikuweza kumtafsiria. Ikabidi arudi kwenye vile vijishara vya utotoni, akigonga tumbo tu.

Siku hizi kila jioni hutufundisha ishara kumi barazani. Bibi yake ameshanipita.