Ugonjwa Hautatulindia Mahindi

Panya wanapofumka Kilosa na kufukua mbegu za mahindi, wakulima huniuliza mimi bwana shamba wao: "Hakuna ugonjwa wa kuwamaliza hawa?"

Australia walijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walisambaza mnyoo aitwaye Capillaria hepatica katika mashamba ya nafaka ya Darling Downs. Maabarani, panya majike walioambukizwa walizaa watoto wachache. Shambani, idadi ya panya haikudhibitiwa. Mnyoo huyu hutaga ndani ya ini, na mayai hukwama humo hadi panya afe, aoze au aliwe. Kisha yanahitaji hewa na unyevu ili yakomae. Ardhi ikikauka, maambukizi hukatika. Panya, kwa upande wao, huzaliana upesi mno.

Hofu yangu kubwa kuhusu magonjwa ya panya ni afya zetu. Panya shamba hubeba bakteria aitwaye leptospira kwenye figo bila kuugua sana, lakini mkulima anayekanyaga maji yenye mkojo wao anaweza kulazwa, hata kufa. Kwa hiyo nasisitiza: fyekeni vichaka, tegeni mitego mapema, kijiji kizima kwa pamoja, na msishike mizoga kwa mikono mitupu.