Umezoea kukimbia kwenye mashine? Ukitoka nje usiende kwa pupa

Wiki hii tunazungumza na wale walioanza mazoezi ya kukimbia ndani, juu ya mashine, na sasa wanataka kutoka nje. Sababu za kutoka ni nyingi. Ada ya ukumbi wa mazoezi imekuwa nzito, umeme unakatika zoezi likiwa katikati, au mtu amechoka tu kukimbia huku akitazama ukuta.

Tuchukue mfano. Wewe ni mkazi wa Rahaleo, hapa Mtwara. Daktari alikwambia presha imeanza kupanda, upunguze chumvi na ufanye mazoezi. Ukaenda kwenye mashine miezi miwili, sasa unakimbia dakika 20 bila kusimama. Siku moja, baada ya swala ya Alfajiri, unavaa raba na kushika njia ya kuelekea baharini. Hata dakika saba hazijatimia, unatweta, mbavu zinachoma, unakaa chini ya mwembe. Unarudi nyumbani ukijisemea, "Kumbe muda wote ule nilijidanganya." Kesho hutoki, wiki ijayo hutoki, na presha inaendelea kupanda kimyakimya.

Hapo ndipo ilipo hasara. Mazoezi unayo, wala hukujidanganya. Kilichokosekana ni kitu kimoja ambacho mashine ilikuwa inakufanyia bila wewe kujua: kukupangia mwendo.

Mashine ilikuwa inakuongoza

Babu wa mashine hizi ni kinu cha kukanyaga kwa miguu kilichobuniwa na mhandisi William Cubitt huko Uingereza mwaka 1818, kiwe adhabu ya wafungwa. Mfungwa hakuchagua mwendo, kinu ndicho kilichomwamulia. Mashine ya leo si adhabu, lakini tabia hiyo imebaki. Ukiiwekea kilomita 7 kwa saa, mkanda utakwenda kilomita 7 mpaka uguse kitufe.

Nje hakuna kitufe. Miguu bado ina nguvu, hewa ya asubuhi ni nzuri, vijana wanakupita, nawe unaongeza mwendo bila kujijua. Pumzi huja kudai deni lake baadaye.

Wengi hudhani tatizo ni upepo. Ni kweli kwamba juu ya mashine huukati upepo, na utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa kuiinua mashine kwa asilimia 1 hufidia jambo hilo. Lakini waliopimwa walikuwa wakikimbia zaidi ya kilomita 10 kwa saa. Kwa anayeanza, anayekwenda polepole, upepo wa kawaida si mzigo mkubwa. Mzigo ni pupa.

Basi utajuaje kama mwendo wako ni sawa? Tumia ulimi wako. Njiani utasalimiwa tu. Ukiweza kujibu "Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh" yote bila kuikata katikati, mwendo wako ni mzuri. Ukiishia kwenye "Waalaykumu..." tu, punguza, au tembea.

Usione haya kwenda taratibu. Mwaka 2025, kule Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za marathoni, zaidi ya kilomita 42, kwa kumpita mwenzake kwenye hatua za mwisho kabisa. Angezimaliza nguvu zake mwanzoni, asingekuwa nazo pale mwisho.

Joto na ardhi

Jambo la pili ni joto. Pwani yetu, hasa kuanzia Novemba hadi Machi, hewa ina unyevunyevu mwingi. Jasho huupoza mwili linapokauka. Likitiririka tu bila kukauka, mwili haupoi, na moyo unalazimika kufanya kazi zaidi kwa mwendo uleule. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Kwa hiyo toka baada ya Alfajiri kabla jua halijapanda, au jioni likishapoa. Kunywa maji kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Katika mwezi wa Ramadhani, tembea tu kabla ya Magharibi, au kimbia kidogo baada ya Tarawehe ukishakunywa maji ya kutosha.

Jambo la tatu ni ardhi. Mkanda wa mashine ni tambarare na hubonyea kidogo. Nje kuna lami ngumu, mashimo na mchanga. Moyo na mapafu hupata nguvu mapema kuliko mifupa na kano. Ndiyo maana mtu anaweza kujiona yuko sawa kwa pumzi, kumbe muundi na ukano wa kisigino vinaumia. Chagua njia ya udongo ulioshikana au uwanja wa mpira. Ufukweni, ngoja maji yapwe ukimbie kwenye mchanga mgumu uliolowa, si ule mlaini unaozamisha kisigino. Barabarani, kaa upande wa kulia ili uyaone magari na bodaboda zinazokuja mbele yako.

Anza hivi

Wiki mbili za kwanza, usiiache mashine ghafla kama bado unayo. Kimbia siku mbili ndani na siku moja nje. Asiye na mashine atoke siku tatu kwa wiki, akipumzika angalau siku moja kati ya zoezi na zoezi.

Ukiwa nje, tembea dakika 5. Kisha kimbia taratibu dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara nane. Malizia kwa kutembea dakika 5. Wiki ya tatu na ya nne, kimbia dakika 2 na utembee dakika 2. Baada ya hapo ongeza kidogo kidogo. Hesabu dakika, achana na kilomita.

Wala kutembea si kushindwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kumo humo.

Kina mama nao wasiachwe nyuma. Habari ya Mtume (s.a.w.) kushindana mbio na Bi Aisha inajulikana. Nguo pana, nyepesi na ya rangi isiyo nzito haizuii mazoezi, na kwenda wawili au watatu ni salama zaidi.

Usafi wa miguu

Usikimbie pekupeku. Mabuu ya minyoo ya safura huishi kwenye udongo na mchanga wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, na huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu.

Ukinunua raba za mtumba, tazama soli. Iliyolika upande mmoja itaupinda mguu wako. Zioshe kwa sabuni na uzianike mpaka zikauke ndani. Baada ya kutawadha, futa maji katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi, kwa sababu fangasi hupenda mahali penye unyevu na joto. Soksi iliyolowa jasho ivuliwe na kufuliwa, isingoje kesho.

Usiyapuuze haya

Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kubadili mazoezi. Anayetumia dawa za kushusha sukari abebe pipi au sukari mfukoni, na aikague miguu yake kila anaporudi.

Simama mara moja ukisikia kifua kinabana, maumivu yanayokwenda mkononi au kwenye taya, au kizunguzungu, na uende hospitali. Mwenzako akizidiwa na joto, akaanza kuchanganyikiwa, mtoe juani, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mpelekeni hospitali. Msimnyweshe kitu akiwa hajitambui.

Ndugu msomaji, kama uliwahi kutoka siku moja ukakata tamaa chini ya mwembe, jaribu tena kesho baada ya Alfajiri. Nenda taratibu mpaka uone haya, na uitikie kila salamu mpaka mwisho. Inshaallah utarudi nyumbani na pumzi yako.

Wabillahi tawfiq.