Vyuo Viwili vya Udaktari Vimekuita. Uende Kipi?



Hebu vuta picha hii. Umemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Matokeo yametoka na umefaulu vizuri. Uliomba kusomea udaktari katika vyuo vitatu. Siku moja uko uani unaosha vyombo, simu inalia: umechaguliwa! Kabla hujamaliza kurukaruka, inalia tena. Chuo cha pili nacho kimekuchagua. Jua halijazama, mtaa mzima umeshajua.

Raha, si ndiyo? Lakini usiku ukiingia raha inageuka mawazo. Baba anataka hiki. Mjomba anasema kile. Rafiki yako mliyelala naye bweni moja anakuambia, "Bwana wee, twende wote kule." Wewe mwenyewe hujui ushike lipi.

Tukitembelea shule, swali hili tunaulizwa sana na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Jibu letu tunalitoa mapema: chuo kizuri kwako si lazima kiwe chenye jina kubwa. Chuo kizuri kwako ni kile utakachoweza kukaa miaka yote mitano na kutoka ukiwa daktari. Sasa tuone utakijuaje.

Nafasi ni mbili, mtu ni mmoja

Hapa Tanzania, udahili wa vyuo vikuu unasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, Tume inataka uthibitishe kimoja tu. Unatumiwa namba maalumu ya uthibitisho kwenye simu au barua pepe uliyoandika wakati wa kuomba. Unaiingiza kwenye akaunti yako ya udahili ya chuo unachokitaka, na kazi imekwisha.

Mambo mawili huwaponza vijana hapa. La kwanza ni simu. Wengine waliomba kwa kutumia namba ya kaka au ya mwenye duka la intaneti. Namba ya uthibitisho inakwenda huko, wao hawana habari. La pili ni kuchelewa. Siku za kuthibitisha huwa chache na zina mwisho. Usipothibitisha kwa wakati unaweza kukosa vyote viwili, kama yule fisi aliyefika njia panda akataka kufuata njia zote mbili.

Kabla ya yote, hakikisha kozi yenyewe inatambuliwa. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huo huo, usitumie wa mwaka jana. Huu si wasiwasi wa bure. Mwaka 2017 Tume ilizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18. Hali ya chuo inaweza kubadilika.

"Lakini kile ndicho chenye jina!"

Sawa, tulizungumze hilo jina. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963, na ndicho kilichokua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Kwa miaka mingi, ukisema unasomea udaktari hapa nchini, ulikuwa unasema Muhimbili. Vyuo vingine vilikuja baadaye. Mwaka 1997 kilianza chuo cha KCMC kule Moshi, na Hubert Kairuki jijini Dar es Salaam. Bugando, Mwanza, ikafuata mwaka 2003. Siku hizi udaktari unasomwa pia Dodoma, Mbeya na Ifakara.

Kwa hiyo mjomba akikuambia "udaktari ni Muhimbili tu", usimcheke. Anasema alichokiona enzi zake. Ila mambo yamepanuka.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: shahada ya udaktari ni ya miaka mitano, halafu unafanya utarajali wa mwaka mmoja katika hospitali iliyoidhinishwa. Ndipo unapata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, ukitimiza masharti yake. Masharti hayo ni yale yale, uwe umetoka chuo cha serikali au cha dini, cha zamani au cha juzi. Na mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa saa nane za usiku hatakuuliza ulisoma wapi. Atakuuliza kama mwanawe atapona.

Tena milango haifungwi. Ukishakuwa daktari unaweza kusomea ubingwa katika chuo kingine. Chuo unachokiacha leo, huenda ukakikuta kesho.

Shika kalamu, piga hesabu

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na si kwa kukosa akili. Ada ya vyuo binafsi kwa kawaida ni kubwa sana kuliko ya vyuo vya umma. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu unaangalia uhitaji, na si lazima ufunike ada yote.

Tutoe mfano. Tuseme chuo cha kwanza ada yake ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka, na cha pili ni 6,000,000. Tuseme Bodi imekupa 2,000,000 kwa ajili ya ada. Kwenye chuo cha kwanza ada imekwisha. Kwenye cha pili, nyumbani watatakiwa kutafuta 4,000,000. Hiyo ni kwa mwaka mmoja. Udaktari ni miaka 5, kwa hiyo ni 20,000,000! Hapo hujala, hujapanga chumba, hujanunua koti jeupe wala kipimo cha kusikilizia moyo. Na usisahau kwamba mkopo ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi mpaka uishe.

Namfahamu kijana mmoja, jina tuliache, ambaye alichagua chuo cha ada kubwa kwa sababu marafiki wote walikuwa wanakwenda huko. Nyumbani waliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba. Mwaka wa kwanza ukapita vizuri, akafaulu masomo yote. Mwaka wa pili hapakuwa na cha kuuza. Siku ya mtihani alifika mlangoni akaambiwa jina lake halimo kwa sababu ya deni la ada. Alirudi nyumbani mwaka mzima akiuza nguo za mitumba, huku wenzake wakiingia wodini. Alirudi chuoni baadaye, namshukuru Mungu. Lakini aliniambia jambo moja: "Dada, nilipiga hesabu ya mwaka mmoja. Nilisahau kwamba ni mitano."

Kwa hiyo usiulize, "Mwaka wa kwanza tutalipaje?" Uliza, "Mwaka wa nne tutalipaje?"

Wodi ndiyo darasa

Pesa si kila kitu. Miaka miwili ya mwanzo utakuwa zaidi na vitabu na maabara: umbo la mwili, kazi za viungo, kemia ya mwili. Kuanzia mwaka wa tatu unaingia wodini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Hapo hospitali ndiyo inayokufundisha.

Kila hospitali ina somo lake. Bugando ina vitanda zaidi ya 900 na inapokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, ambako kichocho na selimundu si mambo ya kusoma kitabuni tu. KCMC ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, kinachosomesha watu kutoka nchi nyingi za Afrika. Muhimbili inapokea wagonjwa walioshindikana hospitali nyingine nchini. Hakuna iliyo bure.

Lakini hospitali kubwa haikusaidii kama mnazunguka kitanda kimoja wanafunzi arobaini na wewe uko nyuma unaona migongo ya wenzako. Njia ya kujua ni kuwauliza wanaosoma pale. Tafuta watu watatu, si mmoja, maana mmoja anaweza kuwa na hasira zake. Waulize:

• Mkiingia raundi ya wodi mnakuwa wangapi kwa mwalimu mmoja?

• Mwaka wa kwanza wanadisko wangapi, na kwa sababu gani? (Kudisko, kwa lugha ya vyuoni, ni kuondolewa masomoni kwa kufeli.) Ukipata sapu unasaidiwa, au unajitegemea?

• Ada inalipwa kwa awamu ngapi? Ikichelewa chuo kinafanya nini?

• Hosteli zinatosha? Chumba cha mtaani ni shilingi ngapi kwa mwezi?

• Kutoka mnakolala hadi wodini ni mwendo gani, na usiku njia ni salama?

Swali hilo la mwisho wasichana walisisitize. Zamu za usiku zipo. Ukitoka wodi ya uzazi saa tano usiku, kilomita tatu za giza si jambo dogo.

Na afya yako je?

Daktari mtarajiwa naye ni mtu. Kama una pumu, selimundu, kisukari, kifafa, au unatumia dawa za kufubaza VVU, jiulize: kliniki yangu itakuwa wapi? Dawa nitazipataje? Mwenye selimundu, kwa mfano, baridi kali inaweza kumwamshia maumivu, na Mbeya mwezi wa saba si mahali pa mzaha. Hii haina maana usiende. Ina maana uende umejiandaa: barua ya rufaa mkononi, kadi ya bima, na nguo nzito.

Kuna pia afya ya akili. Masomo ni mengi, na siku ya kwanza kuona mgonjwa anafariki mbele yako huisahau. Jiulize, siku hiyo nitamwendea nani? Wengine wana shangazi mji ule ule. Wengine wana kanisa, msikiti au rafiki wa kweli. Wengine wanapumua vizuri zaidi wakiwa mbali na nyumbani! Wewe unajijua.

Ukisema na wazee

Baba ameamua kimoja, wewe unataka kingine. Ufanyeje? Usinune, wala usithibitishe kwa siri. Andika hesabu zako kwenye karatasi, safu mbili, chuo kwa chuo. Subiri amekula, ametulia. Kisha: "Baba, naomba dakika chache. Nimeandika gharama za vyuo vyote viwili mpaka mwaka wa tano. Naomba tuangalie pamoja." Mzee anayepingana na maneno matupu mara nyingi husikiliza karatasi. Mjomba naye mpe karatasi hiyo hiyo, baada ya shikamoo. Huenda ukagundua ana sababu usiyoijua, kwa mfano kwamba biashara yake haiendi vizuri na hawezi kuahidi tena.

Sasa amua

Kwanza ondoa chuo ambacho hesabu yake ya mwaka wa nne haina jibu, hata kama kina jina. Vikibaki vyote viwili, linganisha wodi na walimu. Vikilingana hapo pia, angalia utakapoishi vizuri, ulale, ule na uwe na mtu wa kusema naye. Kisha thibitisha kabla ya siku ya mwisho, na usigeuke nyuma. Kuhama chuo cha udaktari katikati si kama kuhama shule ya sekondari. Ni safari ngumu, na wakati mwingine haiwezekani kabisa.

Na wewe uliye kidato cha pili au cha tatu, usifikiri makala haya hayakuhusu. Anza kwa kuipenda Kemia, na siku ukiomba chuo tumia namba yako mwenyewe ya simu.

Mwanafunzi mwenye nafasi mbili amechukua, kwa muda, kiti cha mwenzake anayesubiri awamu inayofuata. Ukiamua mapema, kuna kijana mahali fulani ambaye simu yake nayo italia. Kazi kwako!

Jadilianeni darasani

1. Rafiki yako amechaguliwa chuo alichokiota, lakini nyumbani wana ada ya mwaka mmoja tu. Mtamshauri nini?

2. Kwa nini wazee wengi wanaamini chuo kimoja tu? Mtawaelezaje kwa heshima?

3. Taja mambo matatu, mbali na ada, yanayoweza kumfanya mwanafunzi wa udaktari ashindwe kumaliza. Lipi kati ya hayo linaweza kuzuilika mapema?